Rais Aliyechaguliwa kwa Mapenzi: Of Thee I Sing na Safari Yake Jukwaani

Mwenyekiti, walimu wetu wa sanaa za maonyesho, wanafunzi, na ndugu zangu wote mnaoandika na kuongoza michezo ya kuigiza, hamjambo.

Mada yetu ni historia ya jukwaani ya mchezo mmoja wa muziki unaoicheka siasa: Of Thee I Sing, wa Marekani, uliofunguliwa New York tarehe 26 Desemba 1931. Mchezo huu unatufaa kwa sababu maisha yake yanafuatilika vizuri. Tunajua ulifaulu wapi, ulianguka wapi, nani alibadilisha nini, na kilifuata nini. Msimamo wangu nautoa mapema ili mnipime nao tunavyoendelea. Kejeli ya siasa ikitiwa kwenye muziki hudumu pale inapoucheka utaratibu wa madaraka: kampeni, bunge, mahakama, cheo kisicho na kazi. Ikimkimbilia mtu wa gazeti la leo, huzeeka pamoja na gazeti hilo. Na muziki wake lazima uisukume hadithi mbele. Ukiwa pambo tu la kuwapumzisha watazamaji, kejeli yenyewe hulegea.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1927 George S. Kaufman aliandika mchezo ulioitwa Strike Up the Band, muziki wa George Gershwin, maneno ya nyimbo ya kaka yake, Ira Gershwin. Tajiri wa Marekani mwenye kiwanda cha jibini anaisukuma serikali iingie vitani na Uswisi kwa ajili ya ushuru wa jibini. Gharama za vita atazilipa mwenyewe, mradi vita hivyo vipewe jina lake. Mchezo ulifunguliwa Long Branch, New Jersey, mwishoni mwa Agosti, ukahamia Philadelphia, na Septemba ukafungwa bila kufika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho New York. Vita Vikuu vya kwanza vilikuwa vimekwisha miaka 9 tu nyuma, na ukumbini walikuwamo watu waliozika watoto wao. Mchezo haukuwapa mhusika hata mmoja wa kumshika mkono. Kaufman alikuwa bingwa wa maneno makali, lakini mapenzi jukwaani hakuyapenda, na katika mchezo ule hilo lilionekana.

Mwaka 1930 Morrie Ryskind aliuandika upya. Jibini likawa chokoleti, vita vikawa ndoto ya yule tajiri, wakaongezwa wachekeshaji wawili waliopendwa sana wakati ule, Clark na McCullough. Safari hii ulifika Broadway na kuonyeshwa mara 191. Ulisimama, lakini kwa kulipa gharama ambayo mwandishi yeyote wa kejeli aitazame kwa makini: ukimwambia mtazamaji kwamba yote yalikuwa ndoto, umemruhusu aende zake bila kujiuliza chochote. Kaufman, Ryskind na ndugu wawili wa Gershwin walitoka hapo wakiwa na tatizo bayana mkononi. Walihitaji hadithi itakayowafanya watu wakae na kucheka, na bado makali yabaki.

Wazo lao la kwanza lilikuwa vyama viwili kushindana juu ya wimbo mpya wa taifa. Lilikuwa wazo la msimu wake, maana Marekani ilipitisha rasmi wimbo wake wa taifa Machi 1931. Waliliacha. Ushindani wa nyimbo unatosha kwa kichekesho cha dakika kumi. Jioni nzima hauibebi. Ndipo wakayachukua mapenzi, kitu ambacho Kaufman alikuwa akikikwepa, wakayaweka mahali ambapo hayapaswi kuwapo, ndani ya ilani ya chama.

Hadithi ni hii. Wakubwa watano wa chama wamekaa chumba cha hoteli. Mgombea urais wameshampata, John P. Wintergreen, ila hawana hoja ya kuwaambia wapiga kura. Wanamuuliza mhudumu wa vyumba: watu wanajali nini zaidi? Anajibu, pesa. Na baada ya pesa? Mapenzi. Basi mapenzi ndiyo sera. Yataandaliwa mashindano ya urembo Atlantic City, na mshindi ataolewa na Wintergreen akishinda uchaguzi. Mshindi anakuwa Diana Devereaux wa kutoka Kusini, lakini mgombea ameshampenda Mary Turner, mfanyakazi wa kampeni anayejua kuoka vikeki vya unga wa mahindi. Wintergreen anazunguka nchi akimposa Mary jukwaa hadi jukwaa, anashinda, na siku ya kuapishwa ndiyo siku ya harusi. Diana anakuja kudai haki yake palepale. Mahakama ya Juu inaombwa iamue lipi zito zaidi, haki au vikeki vya mahindi. Majaji wanajadiliana, kisha wanatoa hukumu: vikeki.

Kutoka hapo mambo yanapanda ngazi. Inagundulika kwamba Diana ana damu ya Napoleon kupitia mlolongo wa watoto wa nje ya ndoa, na balozi wa Ufaransa anakuja kulalamika kwa niaba ya taifa lake. Wakubwa wa chama wanamtaka Rais ajiuzulu, anakataa, anashtakiwa mbele ya Seneti. Mary anaingia na kutangaza kwamba ni mjamzito, na Seneti inamwachia Rais, kwa kuwa nchi haijawahi kumwondoa madarakani baba mtarajiwa. Ufaransa nayo inadai kwamba mtoto huyo ni wake, kwa sababu idadi ya watu wake inapungua. Wanazaliwa mapacha. Mwisho, mtu anakumbuka kwamba katiba inasema Rais akishindwa kutimiza wajibu, Makamu wake huubeba. Basi Makamu wa Rais atamwoa Diana.

Sasa tazameni kilichoachwa nje. Mwaka 1931 Marekani ilikuwa katika Mdororo Mkuu wa uchumi. Mabenki yalikuwa yakifungwa na watu wasio na kazi walikuwa mamilioni. Rais alikuwa Herbert Hoover. Mchezo haumtaji kama mhusika, na hata chama cha Wintergreen hakina jina la kweli. Ahadi iliyozoeleka siku zile, kwamba neema iko karibu kufika, imo katika mabango na katika wimbo mmoja ambamo neno la neema, “prosperity”, limegeuzwa likawa la kizazi kijacho, “posterity”. Kwa hiyo Novemba 1932, Hoover aliposhindwa na Franklin Roosevelt, mchezo uliendelea kuonyeshwa bila kuhitaji kubadilishwa mgongo wake.

Mhusika anayelithibitisha hili vizuri zaidi ni yule Makamu wa Rais, Alexander Throttlebottom. Wakubwa wa chama hawamtambui hata anapokuja kuwaomba wamwondoe kwenye kura, kwa kuwa anaogopa mama yake atapata habari. Alipatikanaje? Majina yalitiwa kwenye kofia, na yeye ndiye aliyeshindwa. Akiisha kuchaguliwa anaingia Ikulu kwa njia moja tu, pamoja na watalii. Kadi ya maktaba hapati, kwa kuwa inahitaji wadhamini wawili wanaomfahamu. Kila kichekesho cha Throttlebottom kinatokana na jambo la kweli kuhusu cheo chake. Marekani haikuwa na makazi rasmi ya Makamu wa Rais, na sheria ya kumpa nyumba ilikuja 1974. Anapoongoza kikao cha Seneti kinachojadili malipo ya uzeeni ya farasi wa Paul Revere, shujaa wa karne ya 18, na kuwakumbusha kwamba farasi huyo alishakufa, maseneta wanasimama kwa heshima ya marehemu. Maseneta hao hawafanani na mtu yeyote aliyekuwa ofisini mwaka ule. Wanafanana na kikao.

Nije kwenye muziki, ambako ndiko penye utajiri.

Pazia linafunguka kwa maandamano ya mienge na mabango. Bango moja linawataka watu wapigie kura neema waone watakachopata. Jingine linasema hata mbwa wako anampenda Wintergreen. Wimbo wa kampeni una mistari minne tu: miwili inalitaja jina la mgombea, mmoja unasema ndiye chaguo la watu, wa mwisho unasema anawapenda Waayalandi na Wayahudi, yaani kura mbili kubwa za mijini. Basi, sera zimekwisha. Gershwin ameuandika katika ngazi ya sauti ya huzuni (minor), jambo lisilotarajiwa kwa wimbo wa shangwe, na katikati amepachika vipande vya nyimbo za zamani za mikutano ya siasa. Sikio linatambua kelele za kampeni zote zilizopita. Tuni yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya mchezo huu. Ilitoka kwenye kazi nyingine ya ndugu hao iliyokuwa haijawahi kuchezwa.

Katika michezo mingi ya Broadway ya wakati ule watu waliongea, wakasimama, wakaimba, wakaendelea kuongea. Hapa kuna sehemu ndefu ambazo hazisimami. Chukueni mwisho wa tendo la kwanza. Majaji 9 wanaingia wakijihesabu mmoja mmoja, kiapo kinafuata, harusi inafungwa, Diana anakatiza, umati unabadilika upande, majaji wanajitenga, hukumu inatolewa, wimbo mkuu unarudi. Karibu yote hayo yanaimbwa, mengine kwa wimbo kamili na mengine kwa maneno yanayotembea juu ya noti kama mazungumzo. Babu zake ni W. S. Gilbert na Arthur Sullivan wa London. Mchezo wao mfupi wa 1875, Trial by Jury, ulikuwa kesi ya mwanamke aliyeachwa na mchumba, ukiimbwa mwanzo hadi mwisho. Diana analeta shitaka lilelile, ila mshitakiwa wake ni Rais.

Wimbo mkuu, uliotoa jina la mchezo, unaanza na maneno ya dhati, “Of thee I sing” (nakuimba wewe), kutoka kwenye wimbo wa kizalendo wa 1831 ambao kila mtoto wa shule wa Marekani aliujua, kisha unamalizia na neno la mapenzi la mtaani, “baby”. Kaufman hakulitaka neno hilo. Ndugu wawili walilishikilia, likabaki, na bila hilo wimbo ungekuwa ama wa taifa ama wa mapenzi. Utani wote umo kwenye kuviunganisha viwili hivyo mbele ya umati wa kampeni. Ndivyo kejeli ya muziki inavyofanya kazi inapokuwa imeiva: mdundo unasema jambo ambalo maneno peke yake yasingeweza.

Majaribio yalifanyika Boston, ukumbi wa Majestic, kuanzia tarehe 8 Desemba 1931. Wiki mbili na ushee baadaye mchezo ukafunguliwa Music Box, New York, ukumbi wenye viti takriban 1,000. Mtayarishaji alikuwa Sam H. Harris, Kaufman akaongoza mwenyewe, Jo Mielziner akabuni mandhari, Charles LeMaire maleba, Georgie Hale akapanga ngoma. Muziki wa okestra ulipangwa na Robert Russell Bennett, William Daly na Gershwin mwenyewe. William Gaxton alikuwa Wintergreen, Lois Moran Mary, Grace Brinkley Diana, na Victor Moore Throttlebottom. George Murphy, aliyecheza nafasi ndogo ya Sam Jenkins, miaka ya baadaye alichaguliwa kuwa seneta halisi wa California. Mchezo ulihamia ukumbi mkubwa zaidi wa 46th Street mwaka 1932, na ulipofungwa Januari 1933 ulikuwa umeonyeshwa mara 441. Hakuna mchezo mwingine wa George Gershwin uliodumu hivyo Broadway alipokuwa hai. Kundi la pili lilizunguka nchini na Oscar Shaw na Donald Meek katika nafasi za Gaxton na Moore. Kundi la kwanza nalo lilirudi New York Mei 1933 kwa maonyesho 32.

Mwaka 1932 ulipata Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia, mchezo wa kwanza wa muziki kuipata, katika msimu ambao Eugene O’Neill alikuwa na kazi yake kubwa Mourning Becomes Electra jukwaani. Tuzo ilikwenda kwa Kaufman, Ryskind na Ira. George, aliyetunga muziki wote, hakupewa chochote, kwa hoja kwamba tuzo ni ya maandishi. Hoja hiyo ni dhaifu sana kwa mchezo huu hasa, ambamo huwezi kueleza hukumu ya majaji bila noti zao. Alikuja kutajwa kwa heshima maalumu 1998, miaka mia moja tangu azaliwe, na miaka 61 tangu afariki. Mchapishaji Knopf aliutoa mchezo kama kitabu mwaka huohuo wa 1932, jambo ambalo michezo ya muziki haikuwa imezoea kufanyiwa. Na palepale ikaja kesi. Mshairi Walter Lowenfels alidai kwamba umeibwa kutoka kwenye mchezo wake, U.S.A. with Music. Jaji John M. Woolsey alilitupa dai hilo. Kuikejeli siasa kwa muziki ni wazo, na wazo halina mwenyewe. Kinacholindwa ni namna lilivyoandikwa.

Mafanikio yaliwaponza. Tarehe 21 Oktoba 1933 walifungua mwendelezo, Let ’Em Eat Cake, na waigizaji walewale watatu wakubwa. Wintergreen anashindwa uchaguzi, anaanza biashara ya mashati ya bluu, kisha anayageuza mashati hayo kuwa sare ya mapinduzi. Deni la vita ambalo Marekani inayadai mataifa mengine linaamuliwa kwa mechi ya besiboli kati ya majaji na Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa. Throttlebottom, akiwa mwamuzi, anahukumiwa kukatwa kichwa. Mwaka ule Hitler alikuwa ameingia madarakani Ujerumani, Mussolini alikuwa na mashati yake meusi Italia, na New York haikuwa na hamu ya kucheka mashati. Baada ya maonyesho 90 hivi ulikwisha. Muziki wake, kwa maoni yangu, ni mgumu na wa ujasiri kuliko wa mchezo wa kwanza. Gershwin anapambanisha sauti mbili na tatu zinazokwenda njia tofauti kwa wakati mmoja, na wimbo “Mine”, ambamo wapenzi wanaimba jambo moja na umati unawasengenya kwa tuni nyingine, ndio uliosalimika. Kilichokosekana ni kile kilichokosekana 1927: mtu wa kumpenda. Wintergreen wa kwanza ni mjanja anayempenda mkewe. Wintergreen wa pili ni mjanja tu.

Mei 1952, mwaka wa uchaguzi, Of Thee I Sing ulirudi Broadway katika ukumbi wa Ziegfeld, Kaufman akiongoza tena, Jack Carson akiwa Wintergreen na Paul Hartman Throttlebottom. Ulifungwa baada ya maonyesho 72. Wengi hulaumu nyakati, wakisema nchi iliyokuwa katika hofu ya ukomunisti haikuwa tayari kucheka serikali. Sikatai. Lakini tazameni pia kilichofanyiwa maandishi. Mistari ilisasishwa ili ilingane na 1952. Katika “Who Cares?”, wimbo wa mapenzi wa Wintergreen na Mary, kulikuwa na mstari kuhusu benki kufilisika, na Ira aliubadilisha ukawa kuhusu jinsi historia itakavyomhukumu Rais. Wa kwanza ni wa mtu anayebusu wakati nchi inaungua. Wa pili ni wa mtu anayewaza sifa zake. “Mine” ilichukuliwa kutoka mwendelezo ikapachikwa humu, na Don Walker akapanga okestra upya kwa sauti ya miaka ya 50. Mchezo ukabaki kati: si wa 1931 tena, wala wa 1952 haujawa.

Mwaka 1969 ulijaribiwa nje ya Broadway ukafungwa kabla ya mwezi kwisha. Mwaka 1972 televisheni ya CBS iliutoa na Carroll O’Connor akiwa Wintergreen, umekatwakatwa kutosha muda wa kipindi. Kukata vichekesho vya maneno hakuumizi sana. Kukata minyororo ya muziki kunaua, kwa sababu hapo ndipo hadithi inapotembea.

Kilichouokoa ni kazi ya kumbukumbu. Mwaka 1987, miaka 50 baada ya kifo cha Gershwin, michezo yote miwili iliimbwa kwa mtindo wa tamasha Brooklyn Academy of Music, Michael Tilson Thomas akiongoza okestra, Larry Kert akiwa Wintergreen, Maureen McGovern Mary, na Jack Gilford Throttlebottom, kisha ikarekodiwa. Muziki wa okestra wa mwendelezo ulikuwa umepotea, na Russell Warner akaupanga upya. Tangu hapo waongozaji wana rekodi ya kupimia. Opera North ya Leeds, Uingereza, iliuweka jukwaani 1998, mwaka uleule ambao Desemba yake Baraza la Wawakilishi la Marekani lilimshtaki Bill Clinton kwa jambo lililoanzia kwa mwanamke. Wakati mchezo unaandikwa, Rais pekee aliyewahi kushtakiwa hivyo alikuwa Andrew Johnson, 1868. Mwaka 2006 Encores!, mfululizo wa New York unaofufua michezo ya zamani ya muziki, ulimchezesha Victor Garber kama Wintergreen na Jefferson Mays kama Throttlebottom, maandishi yakiwa karibu sana na ya awali.

Sasa kwa yeyote anayefikiria kuuchezesha, au kuandika wake kwa mfano huu. Nitataja yanayoharibika mara nyingi.

La kwanza ni Throttlebottom. Mwigizaji mchekeshaji hupewa nafasi hii, akaanza kujikwaa, kutoa macho, kuvaa suruali kubwa, na mchezo unakufa tendo la kwanza. Victor Moore alimcheza kama mtu mdogo, mpole, mwenye wasiwasi, anayetaka kweli kujua kazi yake ni ipi. Nafasi hii karibu haina kuimba, kwa hiyo msiitafutie mwimbaji. Mtafuteni mwigizaji anayeweza kusubiri.

Majaji wanahitaji wiki zao wenyewe. Wanapojihesabu, sauti inapanda kwa hatua nzima-nzima, bila nusu hatua. Wanakwaya wetu wengi wamefunzwa kwa solfa: do, re, mi wanafika salama, kisha ulimi unawapeleka kwenye fa ya kawaida, na papo hapo jaji wa nne yuko chini ya mahali pake na wote wanaofuata wanamfuata. Wafundishwe ngazi hiyo polepole bila maneno, kinanda kikigusa noti ya nne kila mara, mpaka sikio lisione ajabu. Maneno yaje baadaye. Na wasicheke. Jaji anayetabasamu anapotamka hukumu ya vikeki ameumaliza mchezo.

Okestra kamili ikishindikana, tumieni vinanda viwili na ngoma. Muziki uliorekodiwa usitumike hata kama ni wa bei rahisi. Sehemu zile ndefu zina mahali ambapo ukumbi utacheka, na huwezi kujua leo utacheka kwa sekunde mbili au nane. Mpiga kinanda hurudia mstari mmoja wa muziki hadi kicheko kishuke. Rekodi haimsubiri mtu, na mstari unaofuata, ambao kwa kawaida ndio wenye habari, unazama. Wekeni alama za kurudia kwenye karatasi za muziki tangu mazoezini, kisha zirekebisheni baada ya onyesho la kwanza.

Usiku wa kuhesabu kura, mchezo unatumia skrini inayorusha matokeo ya kipuuzi kwa kasi. Projekta ya kawaida inatosha. Kosa la kawaida ni kuwaachia watu sekunde chache mno za kusoma. Mtu asiyehusika na mchezo asome kila bango kwa sauti mara moja, na muda huo ndio uwe wa kila picha. Hapa ndipo vishawishi vya kupachika majina ya wanasiasa wa leo vinapozidi. Jina moja likipigiwa kelele, ukumbi unagawanyika kwa vyama, na kwa nusu saa inayofuata kila kichekesho kinasikilizwa kwa kutafuta kinamlenga nani.

Mashindano ya urembo yanawasumbua waongozaji wa sasa, na ni haki yawasumbue. Kuyafuta hakuwezekani, kwa kuwa ndiyo sera ya chama. Ninachoshauri ni kuuelekeza mwanga kwa wakubwa watano wa kamati, wapewe karatasi za alama, wapimane wao kwa wao, ukumbi uwatazame wanaotazama. Diana naye apewe mwimbaji mwenye sauti kubwa kuliko wote jukwaani. Amedhulumiwa kweli: aliahidiwa, akashinda, akanyimwa. Akichezwa kama kero tu, hukumu ya majaji haina aibu ndani yake.

Kuhusu Kiswahili, orodha ya maseneta inapenda lugha yetu. Throttlebottom anaita majimbo yenye majina yanayokubaliana vina, na mengine anayaambia yangoje kwa kuwa hana muda na majina yasiyo na vina. Minnesota na Dakota, Montana na Indiana, yote yanafanya kazi bila kuguswa. Kazi ngumu iko kwenye sehemu za mazungumzo ya kuimbwa, kwa sababu neno la Kiswahili ni refu na mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wakati noti nzito ya Gershwin mara nyingi iko mwisho wa mstari. Tafsiri ipigwe kinanda mstari kwa mstari, isikamilishwe mezani.

Ruhusa ni lazima. Kwa sheria ya Marekani kitabu cha 1932 kitakuwa huru tarehe 1 Januari 2028, na nyimbo zilizochapishwa 1931 mwaka mmoja kabla yake. Kwetu hesabu ni nyingine. Kenya hulinda kazi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, na kazi ya pamoja huhesabiwa kwa aliyefariki mwisho. Kaufman alifariki 1961, Ira 1983, Ryskind 1985. Hadi mwisho wa 2035, basi, kuuchezesha au kuutafsiri Nairobi kunahitaji idhini ya warithi kupitia wakala wao wa haki. Ombi la kutafsiri hutenganishwa na ombi la kuonyesha, na huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo lipelekwe kwanza, kabla ya kuchagua waigizaji.